Saveya wawili, ploti moja, mipaka miwili: tumwamini nani?

#1 Mwana_Bombo
Wadau salaam. Nina ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Mukono, ardhi ya mailo (umiliki wa ardhi wa Buganda), hati mkononi. Aliyeniuzia ni mjukuu wa mzee aliyekata ile ardhi miaka ya sitini. Kabla sijalipa nilileta saveya, akafungua mipaka mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mawe manne tukayaona kwa macho, tukapanda mulamula, ule mmea wa mpaka, kila kona.

Sasa jirani wa upande wa juu anataka kujenga ukuta. Kaleta saveya wake mwenye fimbo ndefu yenye kofia nyeupe juu. Hakumaliza hata saa. Kapigilia vigingi vyekundu karibu mita mbili ndani ya migomba yangu, kutoka barabarani hadi nyuma, mstari umenyooka vizuri tu. Wangu anasema mawe ndiyo mpaka. Wa jirani anasema koodineti, zile namba za mahali, hazidanganyi. Wote wawili wana karatasi yenye mhuri. Inawezekanaje watu wawili waliosomea kazi moja wapime ardhi moja wapate mistari miwili?

#2 Kitoke
Huyo wa chini ya saa moja alilipwa kwa saa au kwa mita?

#3 Rova_Fiksi
Mimi ni saveya, niko kazini Wakiso. Hili naliona kila mara. Hati za zamani zimefungwa kwenye datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960, mashine za sasa za setilaiti zinasoma datamu nyingine, WGS84. Asiyejua kubadilisha moja kwenda nyingine anapanda vigingi kwenye ardhi ya watu. Kwa maoni yangu kesi imeisha.

#4 Mzee_Teodolaiti
Haijaisha, mwanangu. Kwa hapa kwetu, tofauti ya Arc 1960 na WGS84 ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 80 mashariki-magharibi. Angekosea datamu, vigingi vyake vingeota kijiji cha pili, kwenye jiko la mtu. Mita mbili ni ugonjwa mwingine.

#5 Rova_Fiksi
Mzee, kwa kukosea datamu nzima, nakubali. Lakini wengine wanabadilisha kwa namba za jumla zinazokuja ndani ya programu, zile za wastani wa Afrika Mashariki yote. Hizo zinaacha mabaki ya mita kadhaa. Anayefanya kazi vizuri anasimama kwanza kwenye nguzo za karibu zinazojulikana, anapata marekebisho ya eneo lile, ndipo anagusa ploti. Mita mbili zinaweza kutoka hapo hapo.

#6 Mwana_Bombo
Asanteni. Huyo wa jirani sikumwona akisimama kwenye nguzo yoyote. Alishuka kwenye gari, akawasha, akaanza kutembea.

#7 Hajati_Jinja
Nami niingilie. Niliuziwa "desimali 12". Nilipoletewa hati nikakuta imeandikwa hekta 0.046. Nikaambiwa ni sawa, ni namna ya kuandika tu. Ni sawa kweli?

#8 Rova_Fiksi
Hajati, si sawa. Ekari moja ni desimali 100, yaani futi za mraba 43,560. Futi 50 kwa 100 ni 5,000, hiyo ni desimali 11.48. Kwa hekta ni 0.046, kwa hiyo hati yako inasema kweli. Aliyekuuzia ndiye aliyeongeza ladha. Madalali wanasema 12, wengine 13, kwa sababu namba kamili inauzika.

#9 Kitoke
Nusu desimali nzima imeliwa! Hiyo ni futi 227 za mraba, chumba cha wageni hicho, na kitanda na kabati.

#10 Hajati_Jinja
Kitoke umenichekesha na machozi yananitoka. Nililipia chumba cha wageni ambacho hakipo.

#11 Wakili_Jioni
Turudi kwa Mwana_Bombo. Mawe ya awali yakiwa mahali pake, hayajaguswa, ushahidi wake kwa kawaida una uzito kuliko vipimo vya kwenye karatasi, na vipimo vina uzito kuliko ukubwa wa eneo. Koodineti ni njia ya kulirudia jiwe. Na kung'oa au kuhamisha alama ya upimaji ni kosa la jinai, kwa hiyo usiguse vile vigingi vyekundu hata kama vinakukera. Piga picha, andika tarehe, mwite mwenyekiti avione.

Jambo la pili: umeuliza majina yao? Tuna sheria ya kusajili masaveya tangu 1974 na Bodi yake. Anayetia saini lazima awe amesajiliwa na ana cheti cha mwaka huo. Wengi wanaokuja na mashine ni wasaidizi, mwenye mhuri yuko Kampala anakunywa chai.

#12 Boda_Mukono
Wakili, huku kwetu hati ndiyo mwisho. Hati ikisema, imesema.

#13 Wakili_Jioni
Boda, hati ni ushahidi mkubwa wa nani mwenye ardhi, isipokuwa pakiwa na ulaghai. Lakini sheria ile ile ya usajili wa hati imeacha mlango kwa ardhi iliyoingizwa kwenye hati kwa maelezo ya mpaka yaliyokosewa. Hati haikupi migomba ya jirani kwa sababu mchoraji aliteleza.

#14 Mzee_Teodolaiti
Sasa nisikilizeni kidogo, maana kazi hii nimeifanya tangu enzi ya mnyororo na teodolaiti, na vijana wanaanza kwa mashine ambapo sisi tulianza kwa faili.

Ardhi ya mailo ina historia ya ajabu. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwenye karatasi kwanza. Machifu na wenye ardhi elfu moja, kila mmoja maili nane za mraba, halafu ndipo watu wakatoka kwenda kuzitafuta zilipo. Upimaji ukafuata nyuma kwa miaka mingi sana. Mipaka mingi ilichorwa kwa kufuata kinamasi, njia, kichuguu. Kisha warithi wakakata, wakakata tena. Kila aliyekata aliacha faili, lile tunaloita JRJ. Ndani yake mna daftari la uwandani: pembe, umbali, mchoro wa mkono, jiwe gani lilikutwa na lipi lilipandwa upya.

Saveya wa kweli anaanza kwa hilo faili. La kwako na la jirani zako wote. Halafu anakwenda kutafuta mawe, na si mawe yako tu, hata ya ploti ya tatu na ya nne, kwa sababu lako linaweza kuwa limehamishwa lakini yote ya mtaa hayahamishwi usiku mmoja. Jiwe lenyewe mara nyingi ni pini ya chuma ndani ya zege, na baada ya miaka hamsini limezama futi moja chini ya murram iliyosombwa na mvua. Unatembea na chuma chenye ncha, unadunga, unasikiliza. Murram inatoa sauti kavu, zege linagonga mkono wako mpaka kwenye kiwiko. Sisi tulikuwa tunafukia vigae vya chupa chini ya jiwe. Mtu akilihamisha jiwe, vigae hahamishi, kwa sababu hajui kama vipo.

Ukishapata matatu, manne, unapima umbali kati yake na kulinganisha na daftari. Yakikubaliana, sasa washa mashine yako.

Koodineti nyingi zinazotolewa ofisini kwa ploti za zamani hazikupimwa kamwe kwa mashine. Zimesomwa kutoka kwenye shiti za ramani za karatasi zilizowekwa kwenye kompyuta. Shiti ya 1:2,500, milimita moja ni mita mbili na nusu ardhini. Mstari wa penseli peke yake una unene wa karibu robo tatu ya mita. Karatasi yenyewe inavimba na kusinyaa kwa unyevu wa Entebbe. Huyo kijana wa jirani anaposema koodineti hazidanganyi, muulize zilizaliwa wapi.

#15 MtuWaMoshi
Shikamoo mzee. Hapa umetoa darasa. Mimi Mtanzania, niko Kampala kibiashara. Kwetu Kilimanjaro mulamula wenu tunauita masale, nao ni mpaka wa ukoo. Kuung'oa ni kuitafuta laana. Ila hii mailo bado inanichanganya. Mtu ana hati na mwingine ana kibanja juu ya ardhi hiyo hiyo?

#16 Wakili_Jioni
Ndiyo. Mwenye hati ni mwenye ardhi, mwenye kibanja ni mkaaji anayelindwa na sheria, analipa busuulu, kodi ya mwaka, kwa mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda. Wawili hao wanaishi pamoja kama mume na mama mkwe, tusiingie sana.

#17 Kitoke
Na saveya anakuja kupima sebule ya mama mkwe.

#18 Kaka_Kasese
Mzee kasema kufuata kinamasi. Sisi Kasese ni mto. Shamba la baba lilikuwa linaishia Nyamwamba. Mafuriko ya 2013 yakaja, yale ya 2020 yakaja, mto ukahama, ukaacha mawe makubwa kama magari mahali palipokuwa na kahawa. Mawe ya mpaka mawili yamekwenda na maji. Jirani ng'ambo akasema mto ndio mpaka, kwa hiyo ulikohamia na mpaka umehamia.

Saveya tuliyemleta hakubishana na mtu. Alirudi nyuma kwenye mawe ya juu ambayo maji hayakufika, akahesabu kutoka pale, akapanda mapya. Jirani hajakubali mpaka leo, lakini angalau tunajua tunagombania mita ngapi.

#19 Rova_Fiksi
Kaka, mto ukihama polepole kwa miaka ni hadithi moja, ukihama usiku mmoja kwa mafuriko ni nyingine. Sheria inavitazama tofauti. Wakili atasema vizuri zaidi.

#20 Wakili_Jioni
Ni kweli. Ukihama pole pole mpaka unaweza kufuata, ukiruka ghafla mpaka unabaki pale pale ulipokuwa. Lakini soma kwanza hati inasema nini.

#21 DadaArua
Nawasoma tangu juu na nacheka. Huku kwetu West Nile hakuna hati, hakuna shiti, ardhi ni ya kimila. Mpaka ni mwembe uliopandwa na babu, kaburi la shangazi, na wazee watano wanaotembea mbele wakibishana. Kamati ya ardhi ya kaunti ndogo ilikuja kutukagua kwa cheti cha kimila, majirani wote wakasimama mahali pao, kila mmoja anaonyesha kidole. Haikuwa na ugomvi kuliko hiyo ya Mukono.

Ila mjomba wangu kazunguka shamba na simu, simu ikasema ekari tatu. Wazee wanasema mbili na kidogo. Nani mkweli?

#22 Rova_Fiksi
Wazee, mpaka uthibitishe vinginevyo. Simu inaweza kukosea mita tatu hadi kumi kila kona, chini ya mwembe hata zaidi. Kwa shamba kubwa utapata picha ya jumla. Kwa kupanda ukuta, hapana.

#23 Boda_Mukono
Nyie mnazungukazunguka. Jibu ni bahasha. Jirani kampa saveya kitu kidogo, vigingi vikatembea. Mnatafuta datamu gani?

#24 Mzee_Teodolaiti
Inatokea, sikatai. Lakini mwizi mwenye akili hapigilii mstari sambamba wa mita mbili kutoka mbele hadi nyuma, akamwonyesha mtu mchana. Mstari sambamba kwangu unanuka hesabu. Mwana_Bombo, fanya hivi: nenda upande wa pili wa jirani, kule juu. Saveya wake aliweka vigingi na huko? Kama navyo vimesogea mita mbili kuelekea kwako, basi mtandao wote umehama na tatizo ni mashine au koodineti. Kama huko vimekaa sawasawa na wewe tu ndiye uliyesogezwa, hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

#25 Rova_Fiksi
Swali zuri. Na mimi nauliza: alikuwa na mguu wa pili, mashine nyingine imesimama kwenye tripodi? Au alitembea na fimbo moja tu? Na kona zako ziko chini ya mti?

#26 Mwana_Bombo
Fimbo moja, na simu imefungwa kwenye fimbo. Hakuna tripodi. Kona ya nyuma iko chini ya mfenesi, mfenesi mkubwa kweli.

Upande wa juu wa jirani kuna ukuta wa zamani, umekuwepo kabla sijanunua. Hakuweka kigingi huko. Alisema ukuta unatosha.

#27 Rova_Fiksi
Fimbo na simu maana yake anapokea masahihisho kwa intaneti kutoka vituo vya CORS, vituo vya kudumu vya setilaiti. Hilo si kosa, mimi mwenyewe natumia. Ikishika fiksi, yaani ikitulia kabisa, unapata sentimita mbili tatu. Lakini chini ya mfenesi mashine inaweza kubaki floti, yaani haijatulia, ikakuonyesha namba nzuri zenye kosa la nusu mita hadi zaidi, na mtu mwenye haraka anabonyeza "hifadhi". Tena sisi tuko kwenye Ikweta, anga ya juu inachafuka mchana na hasa baada ya jua kutua, zaidi miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Kona za mfenesini unapimia totali stesheni, mashine ya pembe na umbali isiyotegemea setilaiti, kutoka mahali peupe.

#28 Kitoke
Mimi nasema bando liliisha katikati ya ploti.

#29 Mzee_Teodolaiti
Rova, mfenesi ungeharibu kona moja. Mstari usingebaki sambamba. Na hiyo ya kutoweka kigingi kwenye ukuta inanisumbua zaidi kuliko mfenesi. Kachukua ukuta kuwa mpaka bila kuuchimba. Nani kasema aliyeujenga alijenga kwenye mpaka?

#30 Hajati_Jinja
Au barabara. Mtaani kwetu barabara ilipopanuliwa kila mtu alisukuma kwa jirani yake kimya kimya. Wa mwisho ndiye aliyelia.

#31 Mwana_Bombo
Nimepima kwa tepu jana na kijana wangu. Upana wangu barabarani, jiwe hadi jiwe, mita 15.3. Upana wa jirani, kutoka ukuta wake wa juu hadi jiwe langu, mita 15.5. Nikifuata vigingi vyekundu yeye anakuwa na mita 17.4 na mimi 13.4.

#32 Rova_Fiksi
Futi 50 ni mita 15.24. Kwa hiyo mawe yako yanakaa vizuri. Yeye mwenye 17.4 anatakiwa kuwa na futi 57. Nani alikata ploti ya futi 57?

#33 Boda_Mukono
Aliyepewa bahasha.

#34 AfandeBusia
Hamjambo. Nimechelewa kuingia. Mimi nilikuwa na kesi kama hii karibu na ziwa, mpima akaniambia mita zote za mbele hazihesabiki kwa sababu ya eneo la hifadhi la mita 200 kutoka ziwa Victoria. Nikauliza, mbona ziko kwenye hati? Akasema ni zako lakini huwezi kuzijenga. Je, kwa Mukono kuna kitu kama hicho?

#35 Wakili_Jioni
Afande, hiyo ni kanuni ya mazingira, haihamishi mpaka, inazuia matumizi. Tusichanganye.

#36 Mwana_Bombo
Habari mpya. Mjukuu wa mzee kanisaidia kupata nakala ya daftari la uwandani la ukataji ule. Imefifia, nakala ya nakala. Ploti yangu inasomeka vizuri: 50. Ya jirani, upande wa barabara, kuna 5 halafu tarakimu nyingine. Mimi naona 51. Saveya wa jirani kaangalia kwenye simu, kasema 57.

#37 Mzee_Teodolaiti
Weka picha, ficha majina.

#38 Mwana_Bombo
Nimeweka. Mstari wa tatu kutoka chini.

#39 Mzee_Teodolaiti
Hiyo ni 1. Wachoraji wa wakati ule waliweka kikofia juu ya moja. Saba waliikata mstari katikati.

#40 Rova_Fiksi
Mzee, heshima yako, lakini tazama 7 ya kwenye pembe pale juu ya ukurasa. Haina mstari katikati. Huyu mchoraji hakuwa anaikata.

#41 Mzee_Teodolaiti
Ile ya juu kaandika mtu mwingine. Tazama wino.

#42 DadaArua
Banange, nimekuza picha mpaka simu imeganda. Mimi naona 4.

#43 Wakili_Jioni
Acheni macho. Futi 57 kwa 100 ni 5,700, karibu desimali 13, hekta 0.053. Futi 51 ni hekta 0.047. Nenda kafanye searchi ya ploti ya jirani ofisini, usome ukubwa uliosajiliwa. Ni haki yako, hauhitaji ruhusa yake.

#44 Mwana_Bombo
Nimefanya asubuhi. Imeandikwa 0.05.

#45 Kitoke
Hahahaha! Katikati kabisa!

#46 Rova_Fiksi
Imeviringishwa hadi tarakimu mbili. 0.047 inakuwa 0.05. Na 0.053 inakuwa 0.05.

#47 Mzee_Teodolaiti
Ndiyo maana tunachimba. Chimbeni chini ya ule ukuta wa juu, mbele ya mwenyekiti na saveya wote wawili, na mumwite saveya wa wilaya. Jiwe la kona ile likipatikana ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yake wa juu, mita mbili zimepotelea huko. Likiwa chini ya ukuta, tutazungumza upya juu ya hiyo saba.

#48 Mwana_Bombo
Jirani kakubali kuchimba. Tunabishana nani atamlipa saveya wa tatu.

#49 Hajati_Jinja
Mkimpata mzuri nipeni namba yake kwa inbox. Nataka kwenda kumwonyesha yule dalali chumba changu cha wageni.